Chokaa Mpya Birikani

Wivu wangu kwa dada ulikaa birikani. Birika letu ni lile tangi la mawe la chooni, la kuogea na kutilia udhu, na siku hizo nyumba ya Lamu ilifuga samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa hujengewa bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Nyumba zetu mbili, alizotujengea baba sisi binti zake, ziliunganishwa na wikio, daraja la juu ya kichochoro, na kila siku nilivuka kwenda kuchungulia samaki wa dada. Walikuwa wanene, wachangamfu, na maji yao unaona mpaka maua ya bakuli. Wangu walizubaa tu. Roho iliniuma, sisemi uongo.

Ilikuwa kabla kidogo ya vita vya Mjerumani. Baba alikuwa amefariki, na mama akitoka eda angehamia kwa mmoja wetu, atakayemchagua mwenyewe. Mama na udhu hawakuachana, kwa hiyo nilijua kitu cha kwanza atakachotazama. Tangu utotoni wa kusifiwa alikuwa dada. Safari hii nilimtaka mama mimi.

Nikamwita mwashi, birika likapigwa chokaa mpya hadi likang'aa kuliko la dada. Mwashi akanionya nilijaze na kulimwaga siku saba kabla ya kurudisha samaki, ukali wa chokaa utoke. Siku saba, na mama anakuja Ijumaa! Nikalisuuza mara mbili, nikawarudisha samaki Alhamisi asubuhi. Adhuhuri walikuwa juu wakihema. Alasiri wote walielea matumbo juu.

Nikavuka wikio. Dada hakuwepo. Nikachota samaki wake sita kwa kata, nikawatia katika maji yaleyale, kana kwamba chokaa itawaogopa kwa kuwa ni wa dada.

Ijumaa asubuhi mama akaja, dada nyuma yake. Wale sita nao walikuwa wanaelea. Mama akachovya kidole, akaonja.

"Mayi haya yana ukali wa chokaa, mwanangu."

Dada akawatazama samaki. Mmoja alikuwa na mkia uliochanika, kwa hiyo aliwajua. Akanisitiri mbele ya mama, na hata huo wema wake niliuonea wivu.

Mama akaketi kitandani pangu, akavua ushungi. "Takaa hapa," akasema. "Nduyo hana haja ya mtu wa kumwangalilia birika."

Dada akatoka. Akarudi na samaki wake wanne waliobaki, ndani ya bakuli, akamkabidhi mama, si mimi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hayakuwa ya samaki. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu anachokitaka dada, na nimepewa kwa sababu hata samaki walinishinda.