Tonge la Mwisho la Dubu

Kwa miaka kumi na tisa Ciril Lavrič, mlinzi wa wanyama katika misitu ya Kočevje, alibeba ndoo ya mahindi kila asubuhi na kuyamwaga chini ya mnara wa wawindaji. Dubu wakija kula, aliwahesabu, na kutokana na hesabu hiyo wakubwa walipanga wangapi wauawe mwaka huo. Kazi ni kazi. Hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Oktoba ile alimpandisha mnarani mgeni kutoka mjini aliyekuja kuwinda. Alasiri akatokea dubu jike mdogo, akaketi kula. Mgeni akampiga risasi moja tu.

"Umeiona shabaha hiyo, mzee?"

"Alikuwa ameketi anakula," Ciril akasema. "Hata mama mkwe wangu asingemkosa, na yeye haoni."

Wakashuka. Desturi ya huko ni kwamba mnyama aliyeuawa hupewa tonge la mwisho, yaani kitawi kibichi mdomoni, kumheshimu. Mgeni hakuijua. Ciril akakata kitawi cha msonobari, akapiga magoti, akafungua taya za dubu.

Mdomo ulikuwa umejaa mahindi, yale aliyoyamwaga asubuhi. Mengine hayajatafunwa.

"Vipi, mzee, mbona umeganda?"

"Ameshakula," Ciril akasema, akakitupa kile kitawi.

Nyumbani mkewe, Pavla, alimwekea ugali wa mahindi na maziwa. Ciril akaumaliza wote bila kusikia ladha.

Asubuhi akajaza ndoo, kipimo kilekile.