Simu Iliyosikika Garini

Pikapu aliyoniachia baba ilikuwa na redio ya kaseti iliyokwisha kufa zamani. Kazi yangu ni kubeba viazi na maharage kutoka milima ya Ileje kuja sokoni Tunduma, na wateja hawaachi kupiga simu, kwa hiyo nilizoea kuendesha kwa mkono mmoja. Siku moja, nikiongea na mteja kwenye simu kando ya foleni ya malori, nilijibamiza kwenye ubavu wa lori. Kioo cha dirisha kikapasuka na vipande vikanichana shavu. Nilipopona nikaenda kwa fundi redio wa Chapwa.

Fundi aling'oa ile redio, akakuta waya zimetafunwa na panya. Akaziunga upya, akafunga redio yenye bluetooth, akabadilisha spika za milango yote miwili, kisha akapitisha waya wa maiki hadi juu, kwenye kizuia jua.

"Mama, simu ikiingia utabonyeza, au ipokee yenyewe?"

"Ipokee yenyewe. Mikono yangu ibaki kwenye usukani."

Wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa Mbebe, kule Ileje. Mumewe alikuwa akimpiga. Mdogo wangu aliwahi kurudi nyumbani kwetu macho yamevimba hayafunguki, na baba mkwe wake, mzee wa kanisa, akaja na maombi na maneno matamu mpaka akamchukua tena. Mzee huyohuyo ndiye aliyeniomba lifti mchana mmoja, alipokuwa ametoka kutibiwa macho mjini. Sikuweza kumkatalia.

Tulipoacha lami nilishindwa kunyamaza. "Baba, mwanao atamuua mdogo wangu."

"Mwanangu ana hasira tu," alisema, akitazama mbele. "Wanawake mnakuza mambo. Nyumba gani haina kelele?"

Tulikuwa tumebakiza kilima kimoja kufika Mbebe simu ilipoita. Ikajipokea. Sauti ya mdogo wangu ikajaa gari zima.

"Dada! Anapasua mlango kwa shoka! Dada, njoo!"

Nyuma ya sauti yake tulisikia mbao zikivunjika, halafu sauti ya shemeji, imetulia kabisa: "Fungua. Leo nakuzika humuhumu ndani."

Mzee alishtuka kama aliyepigwa yeye. Akaisogelea redio, akapaza sauti: "Wewe! Acha! Ni mimi, baba yako!"

Kwa kitambo kidogo shoka lilinyamaza. Kisha shemeji akacheka. "Umempigia na baba?" Mlango ukaanguka. Simu ikadondoka lakini haikukatika. Tulisikia kila pigo. Tulisikia mdogo wangu akiita mama yetu, ambaye ni marehemu, kisha akiacha kuita. Mzee aliziba masikio, lakini spika moja ilikuwa mlangoni kwake, karibu na goti lake. Alianza kulia kwa Kindali, lugha ya kwao. Mimi nilikanyaga mafuta, gari likiruka mawe, na sikuizima ile simu kwa sababu niliogopa kuwa kimya kingenifanya niamini amekufa.

Tulipofika kwa mdogo wangu, majirani walikuwa wamesimama kwenye migomba, hakuna aliyesogea. Nilichukua spana ya magurudumu nyuma ya kiti. Mzee alinitangulia. Shemeji alitokea mlangoni, shati limelowa damu isiyo yake, shoka mkononi.

"Baba, rudi."

"Nipe hilo shoka."

Akampiga baba yake kwa mpini. Nilisikia mfupa wa mkono ukilia, na mzee akaenda chini. Shemeji aliponyanyua tena, nilimpiga spana kifundoni mwa mkono. Shoka likaanguka. Nikampiga gotini, akapiga magoti, nikampiga begani. Ningempiga kichwani. Nilikuwa nimekwisha nyanyua mkono wakati majirani walipopata ujasiri, wakanishika mimi kwanza, kisha wakamlalia yeye na kumfunga kwa kamba ya ng'ombe. Walimpiga mateke mpaka mzee, akiwa bado chini, aliwaomba waache.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya kitanda. Taya lilikuwa limehama, na kisogoni nywele zilikuwa zimeng'olewa pamoja na ngozi. Alikuwa anapumua. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia, mzee akakaa pembeni yake, mkono wake unaning'inia, akimfukuzia nzi kwa mkono mzima mpaka hospitali.

Mahakamani wakili wa shemeji alisema mke alianguka. Majirani walisema hawakuona vizuri. Mzee akasimama, mkono kwenye bandeji, akaulizwa kama yuko tayari kusema dhidi ya mtoto wake wa kumzaa.

"Niko tayari," alisema. "Nilimsikia akiua. Alikuwa hajamaliza tu."

Shemeji alifungwa. Ndugu zake wengine waliacha kumsalimia mzee, na kanisani alijiuzulu uzee mwenyewe.

Mdogo wangu anaishi nami Tunduma, anauza vitenge karibu na mpaka. Taya liliunga vibaya, anatafuna upande mmoja. Mzee alipokuja kumwona mara ya kwanza, mdogo wangu alijifungia chumbani. Mzee akanywa chai peke yake, akaondoka. Mara ya pili mdogo wangu alitoka, akaleta beseni na birika, akamnawisha mzee, kwa kuwa ule mkono wake uliovunjika haukunyooka tena. Wakala pamoja.