Shemeji Aliongeza Neno Kwenye Makala Yangu, Sasa Ng'ombe Wamefungiwa Mto

Wasomaji wenzangu, mhariri ameniahidi kulificha jina langu, nami nimemwamini. Umri wangu umepita arobaini. Nimesoma madrasa na miaka michache ya skuli, na ni mmoja wa wazee wanaokaa kitini katika korti yetu ya wenyeji hapa Garsen. Kwetu ni Ndera, watu wa kulima ukingoni mwa mto. Mwenyekiti wa korti ni kaka wa mke wangu. Huyo ndiye aliyenichoma.

Sisi wazee wa korti tuna gazeti letu dogo linalotoka Nairobi. Hakimu wa bara huandika mila za mahari za kwao, wa pwani naye huandika zake, ili tusihukumu kwa kubahatisha. Nikasema, Ewe Mola, hata mimi nina la kuwaambia wenzangu. Nikaandika juu ya malka, yaani ile njia ya ng'ombe inayokata mashamba mpaka mtoni. Niliandika kama baba yangu alivyonifunza: malka hailimwi. Hata mvua zikiwa nyingi na usione kwato, njia ni njia, maana ukame ukija Waorma watarudi na ng'ombe wao, na mto mwingine hawana.

Sharti la gazeti, makala ipitie kwa mwenyekiti aigonge mhuri. Nikampa shemeji kwa mikono miwili. Akasoma, akatabasamu. "Shemeji, umekuwa mwandishi! Niachie, karani ataipiga taipu."

Gazeti lilipofika, furaha ilinitia upofu. Sikulisoma. Baada ya sala ya Ijumaa nilimpa mwalimu wa madrasa alisome kwa sauti, watu wasikie. Rafiki yangu Muorma alikuwapo, nitamwita Bonaya. Lilipotajwa jina langu watu wakasema mashaallah. Yakasomwa maneno ya baba yangu, nami nikajiweka sawa kama bwana harusi. Kisha mwalimu akafika mwisho: "Lakini malka isiyopitwa na ng'ombe kwa mvua mbili imekufa, nayo ni shamba la aliyeilima."

Wallahi, hayo sikuyaandika. Kila mtu pale anajua kwamba mwenyekiti amepanda migomba ndani ya malka upande wa Minjila, na kwamba Waorma wamemshtaki.

Bonaya alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Bonaya, ngoja nikueleze."

"Ningoje nini? Wewe nasema malka nakufa. Sasa ng'ombe yangu itakunywa gazeti?"

"Si maneno yangu!"

"Jina ni la nani? Kibuyu changu kiko kwako. Nitakuja kuchukua."

Asiyekaa huku hataelewa uzito wake. Tangu enzi za baba zetu, kwao huja maziwa na kwangu huenda ndizi na mahindi. Kibuyu huenda na kurudi, hakidaiwi. Mtu akikidai, amekata undugu.

Nikaenda kwa shemeji mbio. Hata hakukana.

"Niliinyoosha kidogo tu."

"Uliinyoosha au uliipinda?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wangapi hapa jina lao limefika Nairobi? Sema ahsante. Kwani wewe ni mkulima au mchunga ng'ombe?"

"Mimi ni hakimu."

"Hakimu wa ndizi! Sikiliza. Siku ya kesi mimi sitakaa kitini, mimi ndimi mshtakiwa. Utakaa wewe. Wazee wakiuliza mila inasemaje, karani atawawekea gazeti lako mezani. Ukilikana, nitawaambia Waorma wamekununua kwa fahali."

Sasa mnaona mtego ulivyotegwa. Na mtu huyu tunasali safu moja, bega kwa bega, nami nasahau nimefika rakaa ya ngapi kwa chuki. Naomba msamaha kwa Mungu, lakini chuki haitoki.

Nyumbani nako hakukaliki. Nilimwambia mke wangu kwamba nitasimama kortini niseme kweli. Akaacha kupepeta. "Ukimwaibisha kaka yangu mbele za watu, mimi narudi kwetu. Na watoto hao, walishe maziwa ya Bonaya."

Kesi imekaribia. Mabwawa ya huko ndani yamekauka, ng'ombe wamefika. Wamesimama nyuma ya ua wa miiba alioujenga shemeji, wanasikia harufu ya maji. Wanalia mchana kutwa, na mlio wao nausikia nikiwa juu ya mswala. Nikinyamaza, hukumu itatoka kwa kinywa changu, na ng'ombe hao watakufa kwa jina langu. Nikisema, nimevunja nyumba yangu, na watu wangu wa mtoni wataniita msaliti aliyekula fahali wa Waorma.

Kile kibuyu mke wangu amekiosha, amekitundika mlangoni kikiwa kitupu. Bonaya hajaja kukichukua bado. Kila nikitoka naona kinaning'inia, na moyo unaniambia labda ananipa nafasi. Enyi mliowahi kukaa kwenye kiti cha hukumu, nanyi mlio na mashemeji, nishaurini: nifanye nini kabla hajabisha hodi?