Wifi Yangu na Watoto Wake wa Bombani

Wifi yangu ana mdomo mkali na mikono inayonuka dawa, na simjui mtu ninayempenda kuliko yeye. Ni dada wa yule aliyekuwa mume wangu. Huyo bwana aliponichoka alinitolea vyombo nje mchana kweupe, na ukoo mzima ukajifanya hauoni. Wifi peke yake alikuja na toroli, akapakia godoro langu.

"Twende kwangu," alisema. "Na ukilia njiani, toroli utasukuma mwenyewe."

Kazi yake ni kuendesha mashine ya kutoa chumvi kwenye maji. Kisima cha mtaa wetu ni chumvi tupu. Chai yake utadhani mchuzi. Maji husukumwa kwa nguvu ndani ya mabomba manene, na katika kila bomba kuna utando mwembamba ulioviringishwa kama mkeka. Maji matamu hupenya, chumvi hubaki ikamwagwa. Tando hizo wifi huziita watoto. Asubuhi hupita bomba kwa bomba akionja maji kwa kijiko, macho kayafumba, kama anaonja mboga ya mkwewe.

"Huyu wa mwisho kanuna leo. Mpira wake wa kuziba umelegea. Wifi, lete spana."

Mimi ndiye msaidizi wake. Alinifundisha taratibu, mimi ambaye baba alisema shule itanipotezea muda. Sheria kubwa ni moja: utando ukishalowa haukaushwi tena. Ukitolewa kuoshwa, hulazwa kwenye pipa la dawa mpaka urudi bombani. Ukikauka umekufa.

Mwaka jana yule bwana alirudi, kafukuzwa na mwanamke yuleyule aliyenifukuza mimi kwa ajili yake. Akaomba kazi kwa dada yake. Mwenye mashine analipa msaidizi mmoja tu, kwa hiyo akiingia yeye natoka mimi. Mama yao naye akaja, akajaa sebuleni.

"Unamlisha mtoto wa watu, wa kwako anazurura?"

Wifi akasema atamjaribu kaka yake siku moja. Alimweleza kila kitu mbele yangu, hata habari ya kukauka. Jamaa anaitikia, "Naelewa, dada, naelewa," huku anachezea simu. Siku hiyo nilibaki nyumbani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alasiri wifi akanipigia. "Njoo." Basi.

Alikuwa ametoka tangu asubuhi kununua mipira. Aliporudi alikuta tando zote alizozitoa kuosha na kuzilaza pipani zimepangwa juu ya bati, jua linazichoma, na kaka yake kivulini anajipepea.

"Kaka, umefanya nini?"

"Zilikuwa zimelowa chapachapa, dada. Nikaona zitaoza humo ndani. Sasa zimekauka vizuri, hebu gusa."

"Asubuhi nilikwambia nini?"

"Si ulisema zisiguse vumbi? Nimezitandikia gazeti."

Niliuma midomo nisicheke. Lakini wifi alikuwa amechuchumaa, anaupapasa utando mmoja kama mtoto mwenye homa, na kicheko kikanikauka. Tukazilowesha, tukazirudisha, tukawasha. Mashine ikanguruma, mshale wa geji ya presha ukapanda, bomba likatoa matone kama pua yenye mafua.

"Labda bado zina usingizi," alisema kaka mtu.

"Zimekufa. Nimekuachia watoto asubuhi tu."

Mama yao alikuwa amefika kusikia kama mwanawe kapata kazi. Wifi akamgeukia.

"Mama, mwanao atakula kwangu na atalala kwangu. Ila hapa atabaki wifi."

"Unamchagua mke aliyeachwa, unamwacha ndugu yako?"

"Namchagua anayesikia nikiongea."

Kisha akanikaripia mimi, "Na wewe mbona umesimama kama mgeni? Tando za zamani ziko kwenye pipa la nyuma. Shika upande huo."

Tulizifunga hizo kuukuu mpaka jua likazama. Maji yalitoka na chumvi kidogo, watu wakanung'unika, wifi akawajibu mmoja mmoja. Mwenye mashine alipofika, wifi alimwambia kosa ni lake yeye mwenyewe, kwamba alimwachia kazi asiyeifaa. Jina la kaka yake hakulitaja. Mwenye mashine alipoondoka, wifi alirudi kukaza mpira mmoja uliokuwa bado unavuja, na machozi yakamtoka, nami nikainama nikajifanya natafuta tochi.