Baba Alipotangaza Mbio za Magari

Baba alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang, na kila Jumamosi mchana ndiye aliyetangaza mbio za magari. Wataalamu wa kigeni walikuwa wameiachia klabu ya wafanyakazi televisheni, deki na kanda za video za mbio hizo. Mtangazaji wa kwenye kanda alizungumza Kiingereza cha kasi, kwa hiyo Baba alisimama kando ya televisheni akatafsiri. Wafanyakazi walijaa, na wafugaji wa jirani waliacha fimbo zao mlangoni. Baba alimpa kila dereva wa mbio tabia yake: huyu mkaidi, yule kakimbiwa na mke. Watu walicheka hadi machozi, nami nilijivuna kuwa binti yake.

Nikaenda sekondari ya bweni. Likizo moja niliporudi, Kiingereza kilikuwa kimeanza kunikaa. Siku hiyo gari jekundu liligonga ukuta likawaka moto. Mtangazaji akanyamaza. Baba hakunyamaza.

"Ametoka huyo, anatafuta maji ya kunywa."

Ukumbi mzima ukacheka. Mtangazaji aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema dereva amefariki. Baba akasema, "Anasema wiki ijayo atakuja na gari jipya."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitazama miguu yangu hadi kanda ikaisha.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Baba aliniuliza, "Mbona leo hukucheka?"

"Yule dereva alikufa, Baba."

Akasimama. "Walisema hivyo?"

"Walisema."

"Na yale mengine ninayosema?"

Nilianza kutembea tena, naye akaelewa. "Kiingereza changu ni cha vipuri," akasema. "Nasikia breki, gia, mafuta. Mengine naangalia picha."

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya watu. "Yule dereva wa gari jekundu alikufa," aliwaambia. "Mimi sikuelewa, nikawachekesha. Nisameheni. Leo atatafsiri binti yangu, yeye anasoma."

Nilitafsiri sawasawa: joto la matairi, upepo, nani alibadilisha gia mapema. Kila nilipomaliza sentensi, magari yalikuwa yameshapita kona nyingine. Watu walianza kupiga miayo. Mzee mmoja mfugaji aliinuka, nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Umesoma vizuri, mwanangu," akasema kwa upole, akachukua fimbo yake akaondoka. Wengine wakamfuata.

Baba alibaki kwenye benchi la mbele, mikono katikati ya magoti, akiitikia kwa kichwa kila neno langu. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemwonea aibu mtu huyu. Sasa alikuwa ananiangalia kwa fahari huku ukumbi ukiisha watu, nami sikuweza kumtazama usoni.

Nilipokaribia kurudi shule, wenzake walikuja nyumbani kumwomba aendelee kutangaza kama zamani. Aliwakaribisha chai, akakataa. Tangu hapo walizima sauti ya televisheni, kila mtu akawa anasema lake.