Kushika Begi la Kaka

Juzi nilikuwa Busia kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nikitaka anitengenezee stendi ya kutundikia begi la ndondi la mwanangu. Fundi akapimapima, kisha akaniuliza, "Mama, mtoto atapiga peke yake ama kuna mtu wa kumshikia?" Swali la kawaida tu. Nikajikuta nalia mbele ya watu, mtu mzima na mkoba wangu begani, hadi fundi akadhani cheche zimeniingia machoni. Sasa kaa nikueleze, maana yeye sikuweza kumweleza.

Tulikulia Malaba, mimi na kaka yangu, kwa nyanya aliyemzaa mama, nyumba chache kutoka barabara ya malori. Enzi hizo foleni ya mpakani ya kuingia Uganda ilikuwa kitu cha ajabu. Dereva alikuwa anaweza kungojea karatasi zake za forodha mpaka anafua nguo na kuzianika kwenye kioo cha lori. Tuliamshwa na breki za upepo, tukala uji wa wimbi na muhogo uliochemshwa, kisha mimi nikaenda kuchota maji na kaka akaenda kupakua mizigo. Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa amefariki.

Kwetu, mazishi yakiisha, nguo za marehemu hugawiwa jamaa. Mama wadogo walichukua vitenge na marinda ya kanisani, na sina ubaya nao. Zilizobaki zilikuwa zimechakaa: leso za jikoni, petikoti, sweta iliyotoboka viwiko. Nyanya alikataa zisichomwe wala kutupwa. Wakati huo kaka alikuwa anajifunza ndondi na vijana wenzake, na hawakuwa na begi, basi akaziomba zile nguo. Nyanya alishinda akizikunja moja moja. Jioni akasema, "Chukua. Afadhali akae hapa karibu. Lakini mpige polepole."

Walishona mfuko kwa kipande cha turubai la lori, wakashindilia nguo za mama ndani, na mchanga kidogo katikati kwa ajili ya uzito. Shida ikawa ni wapi pa kulitundika begi hilo. Boriti ya jikoni ilipinda siku ya kwanza tu, masizi yakamwagika kwenye sufuria ya mboga, na nyanya akawafukuza na mwiko. Tawi la mparachichi nalo likakatika. Mwishowe jirani yetu, taniboi aliyewasaidia madereva wa malori safarini, akawapa akili: lori tupu lina vyuma vya kubebea turubai, na vyuma hivyo ni imara kuliko nyumba zetu zote. Basi wakawa wanamwomba dereva aliyekwama kwenye foleni, wanafunga mnyororo kwenye chuma cha katikati, wanapanda kule nyuma na kufanya mazoezi. Jioni wanalishusha.

Kazi yangu mimi ilikuwa kulishika. Begi lisiposhikwa linayumba, linamkimbia anayepiga. Kwa hivyo nililikumbatia kwa mikono miwili, nikaweka shavu kwenye turubai, na kila kaka alipogonga upande wa pili, harufu ilitoka kwenye mshono: moshi wa kuni, sabuni ya kipande, na yale mafuta mama aliyokuwa akijipaka Jumapili. Sikumwambia mtu. Wasichana wenzangu walinisema sana, eti nashinda kwenye malori na wavulana, nami nikawaacha waseme. Nilikuwa nimempata mama yangu na nilikuwa nimemshika.

Jumamosi moja mvua kubwa ilinyesha kabla hawajalishusha. Lori la siku hiyo lilikuwa linaenda Uganda kuchukua mahindi, dereva amengoja wiki nzima, na Malaba yote ilijua kwamba foleni haisogei Jumapili. Wakalifunika begi, wakaliacha pale juu. Kesho yake, tulipotoka kanisani, mahali pa lile lori palikuwa na lori lingine. Karatasi zake zilikuwa zimetoka alfajiri. Kaka alikimbia na viatu vyake vya kanisani hadi kwenye daraja la mpakani, akiuliza kila mtu. "Boss, hiyo saa hii imepita Tororo," wakamwambia huku wakicheka kidogo, kwa sababu kwao lilikuwa begi tu. Alikaa miezi akichungulia malori yanayorudi. Pengine dereva yule alirudia njia ya Busia, kwenye mpaka ule mwingine. Hatukumwona tena.

Vijana wakashona begi lingine, wakalijaza unga wa mbao, nikaitwa kulishika. Kaka akapiga kidogo, akaacha. Akazunguka upande wangu, akaitoa mikono yangu taratibu, akasema, "Nenda nyumbani, dada. Hili halina haja ya kushikwa." Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anajua ni nani niliyekuwa nikimshika. Hakupigana ndondi tena.

Nyanya alishatutoka. Siku hizi malori hayakai Malaba vile, na watoto wa pale hawajui majina ya madereva kama tulivyoyajua sisi. Kaka ni wakala wa forodha, ana kitambi, na tukikutana tunaongea habari za mvua na shule za watoto. Nguo ya mama sina hata moja. Mahali fulani huko ng'ambo mtu alifungua ule mshono, akakuta matambara, akajipangusa grisi mikononi, akayatupa. Simlaumu. Angejuaje?