Mpelelezi Asiyejua Kusoma

Kitaliano nimekijulia kazini. Nawatembeza wageni Mji Mkongwe, na Wataliano ndio fungu langu; wakimaliza likizo huniachia vitabu, maana sanduku limeshajaa vinyago. Vingi ni hadithi za uhalifu, na wenyewe huviita vitabu "vya manjano", kwa rangi ya majalada yake ya zamani. Mtaliano akikwambia jambo fulani ni la manjano, ana maana lina fumbo ndani yake.

Mimi vya mapolisi sikuvipenda. Nilipenda vile ambavyo mpelelezi si mpelelezi: mwalimu mstaafu, daktari wa ng'ombe, mwanamke muuza mikate, padri asiyeweza kukaa na lake. Polisi wanakuja na gari na makaratasi, hawaambulii kitu. Yeye anakaa zake, anakunywa kahawa, anasikiliza watu wanavyosengenyana, mwisho anajua. Nikasema, huyu si ndiye mimi? Kahawa tunayo, baraza tunazo, na umbea, alhamdulillahi, hatujapungukiwa.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama, kaka yangu, mke wake, na mimi niliyeachika nikarudi kwetu na mdomo wangu. Wifi alikuwa mtu wa Makunduchi, mpole wa kupindukia. Ukimrushia neno hulipokea, akaliweka chini, akaendelea kuchambua mchele. Upole ule ulikuwa ukinikera. Mtu gani hajibu?

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Ufunguo wa stoo ukaonekana ndani ya mtungi. Chumvi ikatiwa kwenye chai. Mama, aliyekuwa akinitukana kwa mapenzi asubuhi hadi jioni, akawa ananitazama kwanza, urefu wangu na miwani yangu, kabla ya kuniambia "pole na kazi". Chakula hali mpaka kipite mkononi mwa wifi. Nikirudi kazini nawakuta wawili hao chumbani, wameinamiana. Nikiingia tu, kimya. Nikasema hapa pana jambo. La manjano hasa.

Nikachunguza. Siku wifi alipokwenda sokoni niliinua mto wa mama, nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nikatafuta tena: kimoja kwenye kipochi, kimoja ndani ya msala, kimoja nyuma ya kioo. Kwa siku tatu nilipata saba. Mimi Kurani nimehitimu, si mjinga wa herufi, lakini hizi hazina alama za irabu, fat-ha wala kisra, nikizilazimisha zinatoka sauti za ajabu. Si aya. Si dua. Hata neno moja la Kiarabu nilijualo halimo. Kwetu sisi, maandishi ya namna ile, yamekunjwa na kufichwa chini ya mto wa mtu anayebadilika, yana jina moja tu. Sihiri.

Ningeweza kumpelekea sheikh akayasoma. Ningeweza kumuuliza wifi kwa siri, mtu na mtu. Sikufanya, kwa sababu nilikuwa na raha. Naam, nasema kweli ya Mungu: nilikuwa na khofu na nilikuwa na raha. Katika vile vitabu mpelelezi hamwendei mtu faraghani. Huwakusanya wote ukumbini, akaanza mwanzo.

Nikawakusanya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Kaka, wifi, mama, na shangazi yangu aliyekuja kutoka Bububu. Nikawaweka nilivyotaka, wifi karibu na dirisha ili nimwone uso. Nikazungumza sana: ufunguo, chumvi, milango inayofungwa nikifika. Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha nikayamwaga makaratasi juu ya sinia.

"Audhubillahi!" Shangazi akavuta miguu yake kitini.

Kaka akamgeukia mkewe. "Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Mimi."

"Umeandika nini?"

Midomo ya wifi ilikuwa mikavu, naiona mpaka leo. Halafu akasema polepole, "Muulize mama."

Sote tukamtazama mama. Mama akayatazama yale makaratasi, akamtazama wifi, tena kwa muda. Akajifunga kanga yake vizuri.

"Siyajui," akasema. "Siyajui mimi makaratasi hayo."

"Haya basi," akasema wifi. Hakuapa, hakulia. Kaka akamwacha pale pale, mbele yetu, kwa neno moja, na Shangazi akayatia makaratasi kwenye makaa ya chetezo. Ningependa kusema kwamba talaka sikuitarajia, lakini ntakuwa naongopa. Nilitaka aondoke. Kesho yake asubuhi aliondoka na begi moja, akaubusu mkono wa mama, na mama akamwuliza atarudi saa ngapi.

Ubaya wa vile vitabu ni kwamba vinaisha siku ile ile. Mwenye kosa akishatajwa, jalada linafungwa, na hakuna anayekuonyesha watu wale wale wakila chakula cha usiku. Na kila kitabu katikati yake pana mtu aliyedhaniwa bure, akafedheheshwa, kisha mwandishi akamwacha huko huko akaenda kumtafuta mwengine. Nimesoma vitabu mia na wala sikuwahi kujiuliza mtu yule alirudi vipi kwao.

Mama akaharibika haraka. Akatoka nje na kanga moja. Akawa hajui choo kiko wapi katika nyumba aliyozaliwa. Mimi nikasema sihiri imeshaingia mifupani. Tukasomesha, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya. Mwisho tukampeleka hospitali, daktari akatwambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwa alivyomwona, ulikuwa umeanza miaka miwili nyuma au zaidi. Kaka akaniuliza, "Miaka miwili?"

Siku mbili kabla ya Idi nilifungua sanduku la mama nimtolee nguo. Ikatoka ile kanga aliyoivaa Ijumaa ile. Aliikunja mwenyewe na hakuivaa tena. Kwenye pindo pana fundo, na ndani ya fundo pana karatasi. Kabla sijajua niifanye nini, mama akaninyang'anya, akaifungua, akaisoma kwa sauti, moja kwa moja, kama asomaye Alhamdu:

"Mrefu mwenye miwani ni mwanao. Usimuulize yeye nani, atahuzunika. Mwambie pole na kazi."

Kiswahili. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Mama yangu hakuingia skuli, alisoma chuo cha Kurani tu, na mimi miaka yote nimekuwa nikiwaambia wageni, kwa Kitaliano changu kizuri, kwamba mama yangu hajui kusoma. Na ile "pole na kazi" aliyokuwa akiniambia kila jioni, mimi niliyejua mama yangu ananipenda kwa ile, ilikuwa imeandikwa na mtu niliyemfukuza. Nilikaa chini, nikalia mpaka mama akaniletea maji.

Edda ya wifi ilikuwa imeshamalizika. Nilikwenda Makunduchi peke yangu, kaka alishindwa kwa haya. Nilimkuta uwani anaanika mwani na mama yake. Nikamwamkia yule bibi, "Shikamoo," akanijibu "Marahaba" bila ya kunitazama, akaingia ndani.

"Karibu, wifi," akasema yeye. Bado aliniita wifi.

Nilijipangia maneno njia nzima, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Kwa nini hukusema? Neno moja tu lingetosha!"

"Mama aliniapisha. Alinambia, nisitiri kwa wanangu, nisitiri mpaka nife. Yeye ndiye aliyenifunza kuandika vile, alaasiri, wewe ukiwa kazini. Alisema herufi zile zisizo na irabu huzijui, kwa hivyo siri haitatoka."

"Lakini mbele ya watu akakukana! Alikuwa kasahau, siyo? Nambie alikuwa kasahau."

Wifi akageuza fungu la mwani, upande uliokauka ukaja juu.

"Alinitazama," akasema. "Siku ile alikuwa anajua."

Nikamwomba arudi. Nikamwambia kaka atakuja na wazee, nitambusu miguu, nitaondoka mimi nyumba ile akitaka. Akasema ameshanisamehe, toka zamani, wala nisibebe mzigo. Ila kurudi, harudi. Kisha akaniuliza kama mama anakula, na uji anaupata wa moto au wa vuguvugu, kwa sababu wa moto hauwezi. Nilikuwa nikimpa wa moto.

Nikajifunza. Mzee mmoja wa msikitini kwetu alinifundisha kuandika Kiswahili kwa herufi zile, wiki sita nzima, na mimi mzito kama jiwe. Niliandika ya kula, ya kuswali, ya choo. Mama akawa anayasoma na kuyafuata, mara nyengine anacheka mwandiko. Nikapata moyo. Jumapili moja asubuhi, nimemwogesha, nimemvisha, amekaa katulia, nikampa karatasi niliyoirudia mara nne mpaka ikawa safi: "Mimi niliye mbele yako ni mwanao."

Akaisoma. Akanitazama usoni kwa adabu, vile tunavyomtazama mgeni aliyebisha hodi mlango usio wake. Akaikunja, akanirudishia mkononi.

"Umekosea nyumba, Bi," akasema. "Mwanangu mimi herufi hizi hazijui."